Ganda la Shaba la Hermes

Babu yangu alikuwa kuli Kilindini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwa akitusimulia jinsi manowari za Waingereza zilivyomiminika Mombasa mwaka 1942, baada ya Wajapani kupiga Colombo na Trincomalee. Moja, Hermes, ilizamishwa kabla ya kukimbilia huko. Ndiyo niliyokwenda kuizamia.

Ilikuwa manowari ya kubebea ndege, lakini asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1942 haikuwa na ndege hata moja. Wajapani waliikuta nje ya Batticaloa, mashariki mwa Sri Lanka, wakaimwagia mabomu mpaka ikazama. Watu 307 walikufa, nahodha wao Richard Onslow akiwa miongoni mwao.

Iko kwenye kina cha mita 53 hivi. Ukivuta hewa ya kawaida huko, nitrojeni inakulevya: unajiona hodari, kumbe hata geji umesahau kuisoma. Kwa hiyo mitungi ya mgongoni tulijaza mchanganyiko wenye heliamu asilimia 35. Ubavuni tulining'iniza mitungi miwili ya kupandia, mmoja una oksijeni asilimia 50, mwingine oksijeni tupu. Kila mtungi niliubandika plasta yenye kina chake kwa tarakimu kubwa, maana oksijeni tupu ukiivuta chini kabisa hukutia kifafa, na kifafa majini ni kifo.

Tulishuka tumeshika kamba ya boya, mkondo ukituvuta. Ghafla ubavu wa meli ukatokea, mpana, umejaa matumbawe, na makundi ya kolekole yakizunguka juu yake. Tukafika kwenye mzinga ambao mtutu wake ni mrefu kuliko mimi. Nikauwekea kiganja. Kuna mtu alikuwa akiupiga mzinga huu siku ile.

Nilipogeuka, mwenzangu, kijana wa Tanga, ameshaokota ganda la shaba la kombora, analisugua kwa kidole gumba ili alitie mfukoni. Nikamkamata mkono, nikatikisa kichwa. Akanikazia macho ndani ya barakoa, nami sikumwachia. Mwishowe akalirudisha palepale, na dakika zetu za chini zikawa zimekwisha. Rafadha, lile panga la kusukumia meli, hatukuifikia.

Kupanda ndiko kwenye kazi. Mita 21 unabadili mtungi, mita 6 unabadili tena, na hapo unaning'inia kwenye kamba hadi gesi iliyoyeyuka mwilini itoke kwa mapafu. Ukifanya haraka inageuka mapovu kwenye viungo na uti wa mgongo.

Tulipopanda mashuani alikuwa bado amenuna.

"Kaka, lile ganda litaliwa na chumvi tu pale."

"Na sanda ya babu yako italiwa na mchwa. Utaifukua?"

Akavua viatu vya kuogelea, akavipanga. Kisha akauliza kama kesho tunaweza kushukia upande wa tezi, nyuma ya meli, tuanze na rafadha. Tukachukua geji, tukaanza kupima heliamu iliyobaki.