Jumamosi za Morogoro: tunavyowaandaa wadogo zetu kwa kazi za tabianchi

Nilisoma misitu SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, na sasa natafuta ugali kwa kupima kaboni iliyohifadhiwa na miti kwenye misitu ya vijiji, ili kijiji kinachoutunza msitu wake kiweze kuiuza kwa wanaotaka kufidia hewa ukaa wanayotoa. Wanafunzi wakishajua hilo, swali ni moja: "Shikamoo kaka. Kazi za mabadiliko ya tabianchi zinapatikanaje?" Ukiwachimba kidogo unagundua wanachowaza ni shirika la kimataifa, ofisi ya Masaki na gari jeupe lenye antena ndefu. Nafasi hizo zipo, ila ni chache, na foleni yake inaanzia Ubungo.

Mhadhiri wangu wa zamani aliniomba nije kuwapa vijana motisha. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba motisha sina. Semina hizo nilizikalia nyingi nikiwa mwanafunzi: projekta, maji ya chupa, picha ya pamoja, kwaheri. Nilichomwomba ni chumba kidogo, ubao na Jumamosi. Naishi Dar, na tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro mwaka 2024, kwenda asubuhi na kurudi jioni si adhabu tena.

Tulianza na matangazo ya kazi. Kila mmoja alitakiwa kuleta tangazo alilolitafuta mwenyewe, kwenye Ajira Portal au ubao wa halmashauri, lisilotaja tabianchi hata mara moja, kisha atuonyeshe tabianchi imejificha wapi humo. Mmoja akaja na nafasi ya bodi ya maji ya bonde. Bonde la Wami/Ruvu ofisi yake iko palepale Morogoro, na Mto Ruvu ndio unaoinywesha Dar. Vuli ikikosa mvua, watu wa bonde ndio wanaoamua nani apunguziwe maji. Mwingine akaleta nafasi ya ofisa mikopo wa benki. Wenzake wakacheka. Nikawakumbusha kwamba CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa unaofadhili miradi ya tabianchi, mwaka 2019, na benki inayoshika fedha za namna hiyo inahitaji mtu anayeweza kusoma andiko la mkulima wa umwagiliaji na kujua kama maji yenyewe yatakuwepo. Kicheko kikaisha, na yule kijana akaandika kitu kwenye daftari.

Peke yangu nisingefika mbali, maana mimi najua miti tu. Kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja lilikuwa la rambirambi, harusi na utani wa Simba na Yanga. Nilipoweka ombi langu, majibu ya kwanza yalikuwa tuchangishane fulana zenye nembo. (Sijui kwa nini Mtanzania akisikia mradi huwaza fulana.) Nikasema fulana hatutaki. Kila mtu atoe Jumamosi moja na faili moja halisi la kazi yake, afute majina na siri za ofisi, vijana walishike mkononi.

Wakaja. Ofisa misitu wa wilaya alileta mpango wa usimamizi wa msitu wa kijiji. Dada wa hali ya hewa alileta utabiri wa masika, ule unaosema juu ya wastani, wastani au chini ya wastani, akawagawa vijana makundi mawili: hawa wamshauri mkulima wa mahindi Gairo, wale mkulima wa mpunga Kilosa bondeni. Utabiri ni mmoja, "juu ya wastani", lakini Gairo ni ukame na Kilosa mto unatoka kingo zake. Makundi yalitoka na ushauri uliopingana kabisa, na yote mawili yalikuwa sahihi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni mkutano wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, na mkutano mkuu wa kijiji usiporidhia, mtaalamu wa kaboni arudi kwao. Basi tunapanga viti. Mmoja anakuwa mtaalamu, mwingine mwenyekiti, waliobaki ni wananchi na wana ruhusa ya kuwa wakorofi. Maswali sikuyatunga, nimeyabeba kutoka vijijini. Hewa yetu mnaipeleka wapi? Nikiokota kuni mtanifunga? Hela ikija inaingia akaunti ya nani? Na lile la wazee: mnapimaje kitu kisichoonekana?

Binti mmoja wa mwaka wa tatu, mwenye GPA ya kutisha, alianza na mlinganyo ubaoni. Alipoona wananchi wanasinzia akaweka chaki chini, akamsimamisha kijana mrefu kuliko wote awe mti, akamzungushia utepe kifuani. Tunapima unene hapa, akasema, mita 1.3 kutoka chini. Unene unatupa makadirio ya uzito wa mti mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, hesabu zetu hutumia 0.47. Na kila kilo 12 za kaboni zikiungua zote hutoa kilo 44 za hewa ukaa. "Kwa hiyo wazee wangu, hewa hatuipimi. Tunapima mti, hewa tunaipigia hesabu."

Mwenyekiti akamtazama. "Na mti wenyewe ukiungua mwakani?"

Hapo alikwama, nami nikafurahi, kwa sababu hata wanunuzi wa kaboni huuliza hilohilo. Muda uliobaki wote ulikwenda kwenye moto: doria, njia za kuzuia moto, kuchoma mapema mwanzoni mwa kiangazi majani yakiwa bado na unyevu, na ile sehemu ya kaboni ambayo mradi hauiuzi, inawekwa akiba ya kufidia hasara.

Kumtambulisha kijana kwa mwajiri nafanya, kwa sharti moja: niwe nimeona jedwali lake la takwimu. Mwenye kuandika unene wa mti sentimeta 135 badala ya 13.5 asigundue, bado simpigii mtu simu kwa ajili yake. Wapo wanaoniona mkali. Jina ninalotumia kumdhamini ni langu.

Kinachotusumbua ni kujitolea. Ofisi nyingi zinampokea mhitimu bila nauli wala chakula cha mchana, kwa ahadi ya "tutaona". Wenye wazazi Dar wanamudu. Mtoto wa Malinyi hamudu, hata akiwa ndiye bora darasani. Siku hizi tukipeleka kijana mahali tunauliza kwanza habari ya nauli, na pasipo nauli tunachangia sisi miezi mitatu ya kwanza. Fedha za fulana zimepata kazi.

Muhula ujao vijana wameomba bima ya mazao. Kwenye kundi letu hakuna anayeijua vizuri, kwa hiyo kwa sasa namsaka mtu wa bima aliye tayari kupanda treni ya Jumamosi asubuhi.