Siku moja na moteri ya Probox: sheni, pinyo na tanderi (Goma)

Saa moja asubui niko garajini, huku Ndosho. Probox, hii gari ya Toyota, ililala hapa, inapiga kelele ya sheni, ule mnyororo unaozungusha vali za moteri. Niliiomba ilale juu hii sauti inasikika vizuri moteri ikiwa baridi, mafuta ya moteri yote yameshuka chini. Tunawasha: kra-kra-kra, kisha inanyamaza. Mwenye gari anafanya taxi, anasema "si unaona mukubwa, imepona yenyewe". Haijapona, ni mafuta tu yamefika kwa tanderi, ile inayokaza sheni, yakaisukuma. Skana inatoa kodi ya kosa P0016, yaani vilebreke (shafti inayozungushwa na pistoni) na arbakame (shafti inayofungua vali) hazipatane tena.

Saa mbili tunabishana bei. Anataka sheni peke yake, pinyo (gurudumu za meno zinazobeba sheni) anasema bado ni chuma kizima. Nakataa kabisa. Meno ya pinyo yamelika kwa kufuata sheni iliyorefuka, ukiweka sheni mpya pale italika mbio na utarudi kwangu unalia. Anapiga simu kwa ndugu yake, bon, anaenda soko ya Birere kununua vipande vyote pamoja, na tanderi na zile gide za plastiki zinazoongoza sheni.

Saa tatu, batri nje, mafuta nje (nyeusi sana, hapo ndo ugonjwa ulianzia), jeki na kipande cha mbao chini ya moteri, mkanda nje. Sisi hapa tunafanyia kazi juu ya mawe ya volkano na vumbi yake inapanda kila pikipiki ikipita, kwa hiyo moteri ikifunguliwa tu inafunikwa na kitambaa safi, sitaki mjadala.

Saa sita pistoni ya kwanza iko juu, alama ya puli kwa 0, za arbakame zinatazama juu, ndipo puli na kifuniko cha mbele vinatoka. Mudogo yangu anauliza, "Patroni, tupige rangi kwa sheni ya zamani tufuate hiyo?" Hapana, kama iliruka jino unakopi kosa lake, fuata alama za kiwanda. Tukatundika sheni zote mbili kwa turnevisi (bisibisi), ya zamani inashuka chini kuliko mpya, mwenye gari akaona na macho yake akanyamaza.

Saa nane sheni mpya inaingia, viungo vyake vya rangi kwa nukta za pinyo, ulegevu wote ubaki upande wa tanderi, pini ya tanderi inatolewa ya mwisho. Halafu kile ninachopenda kuliko vyote: kuzungusha na mkono, kwa kle (spana), mizunguko 2 ya vilebreke ambayo ni 1 ya arbakame. Viungo vya rangi havirudi mahali pake, usiogope, angalia alama za pinyo tu. Ikikwama usilazimishe, ni vali imegusa pistoni, na ungewasha moteri hivyo ingepinda vali kwa sekunde.

Saa kumi silikoni ya kuziba kifuniko, tunangoja ikauke, filta, mafuta mapya. Nikachomoa waya za enjekta moteri isiwake, startere ikazungusha kidogo ili mafuta ya moteri yapande kwanza.

Saa kumi na mbili tukawasha. Hakuna kra-kra, P0016 nimeifuta haijarudi. Nimemwambia mwenye gari abadilishe mafuta kila kilometa 5000, na kesho asubui aipitishe hapa ikiwa baridi nione kama kifuniko kinavuja.