Asubuhi ile maji yalipotakata

Jana jioni nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya tangi la samaki nabadilisha balbu ya taa ya UV, ile ya kuzuia mwani kwenye maji, plagi nimeshachomoa (hiyo sisahau kamwe, ile miale ikikupiga machoni hujui hapo hapo, unakuja kujua masaa kadhaa baadaye macho yanapochoma kama yamejaa mchanga), mwanangu akaja akachuchumaa pembeni yangu. "Baba, mbona unaitoa na ilikuwa bado inawaka?"

Nikamwambia ile bluu tunayoiona siyo inayofanya kazi. Inayofanya kazi haionekani, ni miale ya urujuanimno ya nanomita 254 hivi, na balbu ikishawaka usiku na mchana karibu mwaka mzima hiyo miale inadhoofika hata kama bluu iko vile vile. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akauliza la pili, na hilo ndo limenikosesha usingizi mpaka nikakaa kuandika. "Na ule mwaka wa kijani, ni hii taa kweli ndo iliyowaokoa samaki?"

Mwaka wa kijani. Haukuwa mwaka, zilikuwa wiki sita, ila yeye alikuwa mdogo na kwake ulikuwa mwaka.

Tangi letu la lita 200 lilikuwa bado chini ya dirisha. Maji yalianza kama yana ukungu, wiki iliyofuata yakawa kijani, mwisho hata mkono ukiuzamisha vidole huvioni. Na siyo ule mwani wa kwenye kioo ambao unakwangua unatoka, huu unaelea, chembe moja moja ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, unapita kwenye sponji ya filta kama vile haipo. Nilibadilisha nusu ya maji, baada ya siku mbili tatu yakarudi vile vile, nikabadilisha tena, yakarudi tena, manake zile chembe zinazobaki ndo kwanza zinapata mwanga zaidi na nafasi ya kuzaliana. Usiku mwani nao unavuta oksijeni kama samaki, kwa hiyo kila alfajiri tuliwakuta goldifishi wetu wamekuja juu wanahema. Wiki sita zote hizo tulichokuwa tunakiona cha samaki wetu ni midomo tu. Midomo ya duara, inafunguka inafunga, halafu inazama kwenye kijani inapotea.

Na kwa sababu siwaoni, nikawa naongeza chakula. Nilikuwa naogopa kuna mmoja kule chini hapati.

Taa alinishauri jamaa yangu anayefuga samaki miaka mingi. Ni bomba tu, katikati kuna balbu iliyovalishwa kioo cha kwatzi kwa sababu kioo cha kawaida kinaizuia hiyo miale, maji yanasukumwa na pampu yanapita kuizunguka, na mwani unaopita humo unaharibiwa vinasaba vyake, hauwezi kugawanyika tena. Bakteria wazuri hawaguswi kivile, wao wamekaa kwenye filta na kwenye kokoto, hawaelei. Siku mbili za kwanza hakuna kilichobadilika, yule jamaa akaja akaangalia akasema pampu yako inakimbiza maji mno, hayakai kwenye mwanga. Nikabana mtiririko. Siku hiyo hiyo nikaziba upande wa dirisha kwa boksi, na taa ya juu ya tangi nikaishusha mpaka masaa 6 kwa siku.

Siku ya nne baada ya hapo niliamka bado giza. Nilikuwa na kawaida ya kuwasha tochi nyuma ya tangi, na kila siku mwanga ulikuwa unaishia humo humo, unageuka doa la kijani. Asubuhi ile ukapenya, ukatua kwenye nguo yangu. Nikasimama pale nimeushikilia, maji yalikuwa bado na weupe weupe kama yamechanganywa na maziwa kidogo, nikaona kwanza ukingo wa bomba la filta, halafu ule mche uliolala upande, halafu kitu kikasogea taratibu nyuma ya mche na nikaona baka jeusi juu ya jicho. Kidoti. Mzima mzima, mwili wote, mkia wake umechanika pembeni na sikuwa najua. Akaja mpaka kwenye kioo usawa wa uso wangu, nikaona mapezi ya kifuani yanavyopepea, nikaona magamba moja moja. Sikuweza kuongea. Nikaenda kumbeba mtoto kitandani akiwa na usingizi wake, nikamsimamisha kwenye kiti mbele ya tangi.

Akaanza kuhesabu kwa kidole. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Akarudia. Wanne. Tulikuwa na watano. Akaniangalia mimi, akaangalia tena tangi, akahesabu mara ya tatu polepole zaidi, kama vile yeye ndo aliyekosea.

Chini kwenye kokoto chakula kilikuwa kimelala tabaka zima, kimeota utando mweupe kama pamba. Chakula changu cha wiki sita. Nilikifyonza chote siku ile kwa hosi, na tangu hapo nalisha kidogo, kile wanachomaliza mbele ya macho yangu. Yule wa tano hatukumpata, hata mwiba.

Kwa hiyo ni taa? Ni boksi la dirishani? Ni kule kuacha kuwarundikia chakula kilichokuwa kinaoza na kuulisha mwani? Nilivifanya vyote ndani ya wiki moja na sijawahi kuthubutu kuondoa kimoja nione. Nikamjibu mwanangu hivyo hivyo, sijui.

"Tuizime mwezi mmoja tujaribu?"

Sikumjibu. Nikafuta chokaa kwenye kioo cha kwatzi, nikafunga balbu mpya, nikakaza mfuniko, nikampa yeye plagi achague. Akasogea mbele ya tangi kwanza, akanyoosha kidole, mmoja, wawili, watatu, wanne, ndo akarudi nyuma akachomeka.