Ngozi au Kimia

Neno lenyewe ni excoriate. Nililipata Wete, Pemba, nikiwa kidato cha tatu, kwenye twisheni ya jioni ambayo mwalimu wake alipiga marufuku Kiswahili: ukiteleza, faini shilingi hamsini. Alitwambia kwa Kiingereza kuwa ni kumvamia mtu kwa maneno makali ya kumvunjia heshima, na kwamba asili yake ni Kilatini, corium, yaani ngozi. Kwanza lilikuwa ni kuchuna hasa, na mpaka leo madaktari hulitumia kwa ngozi iliyochubuka.

Njiani kurudi Limbani nikawa nalitafutia mwenzake. Kukaripia hakufiki. Kusimanga mpaka uwe umemlisha mtu kwanza. Kusuta kunataka mashahidi, na umbea uwe umeshasemwa. Kuchamba ndiko hasa, lakini kuna kuchamba kwengine kwa kopo la maji chooni, na mbele ya mwalimu yule nisingethubutu kulitamka hata bila ya faini.

Wiki ile ile ikaingia Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Mjomba akachinja mbuzi, tukamtundika mwembeni kwa miguu ya nyuma. Akatoboa kitundu mguuni, akatia mdomo, akapuliza mpaka mbuzi akavimba, kisha akampigapiga kwa kiganja, pu, pu. Ngozi alishawaahidi watu wa maulidi waiwambie tari.

"Kisu tumboni tu," akanambia. "Kwengine tia ngumi."

Na kweli, ngumi ikizama baina ya ngozi na nyama, ngozi huachia yenyewe, kwa sauti ya nguo mbichi inayochanika. Mkono wote ulipata joto. Nilipofika ubavuni nikaona ngumi inanichelewesha, nikarudi kwenye kisu. Tundu la kwanza nikaliziba kwa kidole. La tatu, mjomba keshasimama nyuma yangu.

"Ngozi hii au kimia?"

Sauti ilifika barabarani. Watoto wa jirani wakaja kutazama.

"Asubuhi skuli, jioni twisheni, kisu hukijui! Baba yako vivyo hivyo, alitumwa chumvi akaja na sukari!"

Akaanza na mikono yangu, akashuka kwenye mwendo wangu, akapanda kwa babu yangu, Mungu amrehemu, ambaye hata mbuzi yule hakumjua. Nami naendelea kuchuna, maana hakunambia niache. Mbuzi anabaki uchi upande ule, mimi upande huu. Mama alijitia kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri kabisa.

Baada ya sikukuu mwalimu akataka kila mtu sentensi yake. Yangu ilikuwa na neno lile mara mbili: mjomba kamfanyia mpwa, mpwa kamfanyia mbuzi. Daftari lilirudi na alama ya vyema, na pembeni, kwa wino mwekundu: "Pole."

Kiswahili kitupu. Shilingi hamsini sikumdai.