Vikombe ni vya timu: namna ya kulinganisha makipa wa ligi ya hoki ya simulesheni

Kipa mkongwe akistaafu, mjadala unaozuka ni uleule: awekwe juu ya nani na chini ya nani. Hoja ya kwanza huwa idadi ya mechi alizoshinda, ya pili vikombe. Zote mbili zinaeleza timu aliyochezea kuliko zinavyomweleza yeye. Kipa aliyetumikia misimu sita nyuma ya mabeki dhaifu hupotea kwenye hesabu ya namna hiyo, na kumpoteza ni dhuluma, kwa sababu takwimu zake zote zipo na zinaweza kusomwa vizuri zaidi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: katika ligi ya simulesheni ya hoki ya barafu kila mshiriki huunda mchezaji mmoja, humwongezea pointi za uwezo wiki baada ya wiki kwa kazi anazozifanya ndani ya ligi, timu humchukua kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, kisha mechi huchezwa na programu. Hakuna anayeshika vitufe. Ligi ya VHL hutumia programu ya STHS; ligi ya SHL ilianza na STHS, baadaye ikahamia programu ya FHM. Kwa hiyo tunajua jambo ambalo wachambuzi wa hoki halisi hawalijui kamwe: uwezo kamili wa kipa, umeandikwa kwa namba, msimu kwa msimu. Nitalirudia hili mbele.

Anza na safu mbili tu kwenye jedwali la makipa: SA, yaani mashuti yaliyolenga goli lake, na GA, magoli aliyofungwa. Kwenye STHS, PCT ya kipa ni uwiano wa kuokoa, si uwiano wa ushindi. Kosa linalojirudia sana ni kudhani SA ni idadi ya alizookoa. Ukijumlisha SA na GA ukidhani ndiyo mashuti yote, kila kipa ataonekana bora kidogo kuliko alivyo, na usipolinganisha jibu lako na PCT iliyochapishwa hutagundua. Magoli ya lango tupu, kipa akiwa ametolewa ili aingie mshambuliaji wa ziada, yana safu yake, EG. Usimjazie yeye.

Sasa tafuta wastani wa ligi kwa msimu huo. Jumlisha GA za makipa wote, jumlisha SA zao zote, gawanya, toa kwenye 1. Usichukue wastani wa PCT zao, maana kipa wa akiba aliyecheza mechi tatu atapata uzito sawa na aliyecheza sitini. Kama ligi ina timu chache, mwondoe kwanza kipa unayempima kwenye jumla. Katika ligi ya timu kumi, kipa mmoja ni karibu sehemu ya kumi ya wastani wenyewe, na akiwa bora sana anauvuta juu kisha tunampima kwa kipimo alichokipandisha mwenyewe.

Kinachofuata ni mstari mmoja kwenye Excel: SA × (1 − wastani) − GA. Sehemu ya kwanza ni magoli ambayo kipa wa kawaida angefungwa kwa mashuti yaleyale. Ukitoa aliyofungwa kweli, unapata magoli aliyoiokolea timu zaidi ya wastani. Fanya hivyo kila msimu peke yake, ndipo ujumlishe.

Tuone kwa mfano. Wastani wa ligi ni 0.908, makipa wawili wamecheza mechi 60 kwa msimu, misimu minane. Kipa A yuko kwenye timu inayomiliki mchezo, anapata mashuti 24 kwa mechi na kuokoa 0.912. Kipa B anapigiwa mashuti 33 kwa mechi, anaokoa 0.915. Kwa wastani wa magoli kwa mechi, A amefungwa 2.11 na B 2.81, na hapo ndipo wengi hufunga daftari: A ni bora kwa mbali. Lakini mashuti ya A kwa msimu ni 1,440, na amevuka wastani kwa 0.004, hivyo ameokoa magoli 5.8 ya ziada. B amepigiwa 1,980, amevuka kwa 0.007, ameokoa 13.9. Kwa misimu minane A ana magoli 46, B ana 111.

Mechi za kutoruhusu goli hudanganya zaidi. Uwezekano wa kipa kumaliza mechi bila kufungwa ni uwiano wake wa kuokoa uliozidishwa kwa wenyewe mara idadi ya mashuti. Kwa A, 0.912 mara 24 ni karibu asilimia 11. Kwa B, 0.915 mara 33 ni asilimia 5.3. Katika mechi 480, A anategemewa kupata takriban 53 na B 26. Kipa dhaifu zaidi kati ya hao wawili anaondoka na rekodi mara mbili ya mwenzake, na bango la rekodi za ligi linamsifu yeye. Kwenye soka, ambako lango hupata mashuti machache, tumezoea kumhukumu kipa kwa mechi alizotoka bila kufungwa. Mazoea hayo yaachwe mlangoni.

Hoki halisi ina kisa kinachofanana na hiki. Kipa Martin Brodeur alimaliza NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na ushindi 691 na mechi 125 bila kufungwa, vyote rekodi. Dominik Hasek ana ushindi 389 na mechi 81. Wastani wao wa magoli ni kama sawa: 2.24 kwa Brodeur, 2.20 kwa Hasek. Ila uwiano wa kuokoa ni 0.912 dhidi ya 0.922, kwa kuwa Brodeur alikuwa akipigiwa takriban mashuti 25 kwa mechi na Hasek takriban 28. Tofauti ya 0.010, kwenye mashuti kama 20,000 aliyoyakabili Hasek, ni magoli 200. Kwa upande mwingine, Brodeur alicheza mechi 1,266 na Hasek 735, na kusimama golini mechi nyingi hivyo kwa kiwango cha juu ni thamani halisi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kipa apewe namba mbili, jumla ya maisha yake yote na kilele chake cha misimu mitatu mfululizo, badala ya kuzichanganya kuwa alama moja.

Enzi nazo zinahitaji uangalifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipa wa kawaida wa NHL aliokoa takriban 0.875, kufikia msimu wa 2015/16 wastani ulikuwa 0.915. Kipa Grant Fuhr alibeba vikombe vitano na timu ya Edmonton akiwa na 0.887 ya maisha yake yote, namba ambayo leo ingemweka mtu benchi. Ligi za simulesheni hupitia mabadiliko hayo kwa kasi zaidi. Ligi changa huwa na wachezaji wenye pointi chache, kisha pointi huvimba. Wasimamizi hurekebisha mipangilio ya programu. Au ligi inahama injini, yaani programu yenyewe, moja kwa moja, kama SHL. Kipa wa 0.910 kwenye msimu wenye wastani 0.895 ameokoa magoli 15 ya ziada kwa kila mashuti 1,000. Mwenye 0.918 kwenye msimu wa 0.915 ameokoa matatu.

Kuna mtego hata ukishafanya hivyo. Wastani wa ligi unabeba na makipa wa kujazia, wale wasio na mtu nyuma yao, waliowekwa na programu ili timu isikose kipa. Wakiwa wengi, kila kipa wa kweli anang'aa. Katika ligi changa hali huwa hivyo, na ndiyo sababu makipa wa misimu ya kwanza wana jumla kubwa ajabu. Dawa yake ni kuweka wastani wa pili, wa makipa waliocheza angalau nusu ya mechi za timu zao, na kuchapisha namba zote mbili.

Halafu bahati, jambo ambalo watu hulipuuza. Kila shuti ni kama kurusha kete iliyoelemea upande mmoja. Kipa wa 0.910 akikabili mashuti 1,800 kwa msimu, yumba yake ya kawaida ni kipeuo cha pili cha 1,800 × 0.91 × 0.09, yaani magoli 12. Kwa hiyo kipa yuleyule, mwenye uwezo uleule, anaweza kumaliza na 0.917 mwaka huu na 0.903 mwaka ujao bila chochote kubadilika. Rudi kwa A na B: baada ya misimu minane tofauti yao ni magoli 65, na yumba ya tofauti hiyo ni takriban 46. B yuko mbele. Lakini hayuko mbele kiasi cha kuufunga mjadala kwa takwimu za golini pekee, na anayedai kumpanga kipa wa 7 na wa 8 wa historia ya ligi kwa pengo la magoli matano anajidanganya.

Hapo ndipo uwezo ulioandikwa unasaidia. Kipa wa STHS ana sifa zinazopewa namba: SK, DU, EN, SZ, AG, RB, SC, HS, RT, PH, PS na nyinginezo. Chukua misimu yote ya injini ileile, weka kila kipa kama nukta: upande mmoja jumla ya pointi zake msimu huo, upande mwingine magoli aliyookoa kwa mashuti 1,000. Pitisha mstari katikati. Mstari unakuonyesha kipa wa pointi hizo anategemewa kufanya nini. Umbali wa nukta na mstari ni mchanganyiko wa bahati, timu, na namna mwenyewe alivyozigawa pointi.

Mgawanyo huo ndio ufundi hasa wa aliyemuunda. RB inahusu puki (kisahani kinachochezewa hoki) anazozitema: ikiwa chini, shuti la kwanza linaokolewa na la pili linaingia. STHS ina safu ya SAR kwa mashuti yatokanayo na puki zilizotemwa, kwa hiyo jambo hili linaweza kuangaliwa bila kubishana. PS ni ya penalti, na kuijaza mapema huku AG (wepesi) na RT (kasi ya kuitikia) zikiwa za wastani ni kununua paa kabla ya kuta. Ligi nyingi hupandisha bei ya pointi kadiri unavyokaribia juu, kiasi kwamba kusukuma sifa moja hadi kileleni kunaweza kugharimu kuliko kuinua tatu za katikati. Ukilinganisha makipa wawili wenye jumla sawa, angalia kwanza nani alilundika na nani alitandaza.

Angalia pia misimu ya mwisho. Ligi huwapunguzia wachezaji wazee uwezo kila mwaka, ndiyo maana katika VHL, yenye ukomo wa misimu minane, msimu wa saba na wa nane mara nyingi ni wa kushuka. Kipa aliyestaafu kabla ya kushuka atakuwa na wastani mzuri zaidi ya aliyekaa akaisaidia timu yake akiwa amechoka. Wastani wa maisha yote unamwadhibu huyu wa pili bila haki. Kilele hakimwadhibu, wala jumla haimwadhibu mradi bado yuko juu ya wastani wa ligi. Na mtu aliyestaafisha kipa akaunda mwingine, hao ni makipa wawili. Usiwaunganishe, hata kama mkono ni mmoja.

Mechi za mtoano ziwekwe kwenye safu yao wenyewe. Mechi 20 zenye mashuti 30 ni mashuti 600, na hapo yumba ya uwiano wa kuokoa ni karibu 0.012. Kipa wa 0.925 kwenye mtoano mmoja anaweza kuwa kipa wa 0.910 aliyeangukiwa na wiki nzuri. Zijumlishe mtoano zote za maisha yake kabla ya kusema anabadilika mechi zikiwa kubwa. Hilo halimaanishi mtoano mmoja hauna uzito kwenye kumbukumbu. Mwaka 2003 Jean-Sébastien Giguère wa Anaheim aliokoa 0.945 katika mechi 21, akafungwa na New Jersey kwenye mechi ya saba ya fainali, na bado akapewa tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano. Kikombe kilikwenda kwa Brodeur, kipa wa New Jersey, aliyemaliza mechi tatu za fainali ile bila kufungwa. Kwenye jedwali langu Giguère angepata magoli yake ya ziada kwenye safu ya mtoano, na safu ya vikombe kwa mwaka huo ingebaki na sifuri, iliyoandikwa pembeni kabisa, kwa herufi ndogo.