Ushahidi wa Karani wa Efeso

Somo: Matendo ya Mitume 19:23–41

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naanza na kosa langu. Baada ya ibada ya jumuiya, tukiwa kwenye chai, mzee wetu mmoja alisema dunia ni tambarare, akataja pembe zake nne katika Ufunuo 7:1. Kijana akamjibu kwa Isaya 40:22, kwamba Mungu anaketi juu ya duara ya dunia. Mimi sikujibu kwa andiko lolote. Nilicheka, tena kwa sauti, na wengine wakanifuata. Mzee alichukua bakora yake akaondoka, kikombe kikabaki nusu.

Hatukuishia hapo. Mtu akasimulia juu ya sanamu ya Buddha iliyowekwa nje ya saluni moja kama pambo, na jinsi vijana wa bodaboda wanavyoitundikia helmeti. Kicheko kile kile kikaendelea. Usiku nilipofungua somo la wiki, nilikwama kwenye mstari wa 37.

Kabla ya mstari huo, niwape kisa cha Uingereza. Mwaka 1870 John Hampden, Mkristo aliyeamini kwa dhati kwamba Biblia inafundisha dunia bapa, alitangaza dau la pauni 500 kwa yeyote atakayemwonyesha maji yaliyopinda. Aliyelichukua ni Alfred Russel Wallace, mwanasayansi aliyekuwa amekaa miaka minane katika visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Kwanza alimuuliza mwanajiolojia Charles Lyell kama inafaa. Lyell akamwambia akubali, huenda watu hao wakaonyeshwa wazi wakanyamaza. (Mwenye hekima naye hukosea.)

Walikwenda kwenye mfereji wa Old Bedford, ulionyooka maili sita. Wallace aliweka darubini kwenye daraja la upande mmoja, alama kwenye daraja la upande wa pili, na katikati akasimamisha mti wenye kibao, vyote vikiwa kwenye kimo kimoja juu ya maji. Kama maji ni bapa, vitatu hivyo vitakaa kwenye mstari mmoja. Kibao cha katikati kilionekana kimeinuka, kwa sababu maji yenyewe yameinama kuelekea pande zote mbili. Shahidi wa Hampden alitazama picha hiyo hiyo akasema inathibitisha ubapa. Hampden mwenyewe alikataa kuweka jicho kwenye darubini. Alisema anamwamini shahidi wake.

Mwamuzi alimpa Wallace ushindi. Hampden akaanza kumwita mwizi na mwongo, kwa barua na vipeperushi, kwa majirani zake na kwa vyama vya wanasayansi alivyokuwamo. Alifungwa kwa kashfa zaidi ya mara moja, na akitoka anaendelea. Barua moja alimwandikia mke wa Wallace, akimtishia kwamba ipo siku mumewe ataletwa nyumbani mifupa ya kichwa ikiwa imepondwapondwa. Aliyeandika hayo ndiye aliyekuwa akiitetea Biblia. Kuhusu umbo la dunia alikosea, na kosa la namna hiyo halimpeleki mtu jehanamu. Barua ile ndiyo inayonitia hofu.

Wala Wallace hakujiona msafi. Mahakama ilisema dau lile halikuwa halali, fedha zikarudi kwa Hampden, na usumbufu ukamwandama miaka 15. Uzeeni aliandika kwamba hilo ndilo tukio la kujutia kuliko yote maishani mwake, akajilaumu kwa kutaka pesa za dau. Alikuwa na ukweli mkononi, akaupeleka sokoni.

Wallace huyo huyo, katika kitabu chake cha safari cha 1869, aliisifu Borobudur, hekalu la Wabudha kule Java, Indonesia, akasema kazi iliyotumika kwenye piramidi kuu ya Misri ni ndogo ukiilinganisha nayo. Mlima ule wa mawe ulijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9, na ulichongewa sanamu 504 za Buddha. Nyingi leo hazina vichwa, na baadhi ya vichwa hivyo vimo katika makumbusho za mbali.

Juni 2022 mzozo ulikuwa bei ya tiketi ya kupanda Borobudur. Serikali ya Indonesia ilipotaka kuipandisha, Roy Suryo, waziri wa zamani wa vijana na michezo, alisambaza picha ya stupa, yaani kuba la mawe lenye umbo la kengele, ambayo sanamu yake ya Buddha ilikuwa imebandikwa sura inayofanana na ya Rais Joko Widodo. Aliifuta akaomba radhi, lakini mwisho wa mwaka mahakama ya Jakarta ilimhukumu miezi tisa jela. Kama jela ndiyo dawa, mimi sidhani. Ila tazameni nani aliumia. Wabudha hawafiki asilimia moja ya watu wa nchi ile, na ugomvi wa rais na tiketi haukuwa wao. Walipitiwa tu njiani, kama sanamu ya saluni na helmeti yake.

Kwa Mbudha, Buddha si mungu muumbaji. Ni mwalimu, na mbele ya sanamu yake mtu huvua viatu, huinama, huweka maua. Hata Dar es Salaam, Upanga, wapo wanaofanya hivyo, katika hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka yapata karne moja iliyopita. Mimi siinami pale, wala sitainama. Amri ya pili naijua.

Sasa Efeso. Demetrio mfua fedha anawakusanya mafundi na kulalamika kwamba Paulo anafundisha kuwa miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu. Mji unachafuka, Gayo na Aristarko wanaburutwa hadi kwenye ukumbi wa michezo, watu wanapiga kelele kwa saa mbili, na Luka anaongeza kwamba wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika. Ndipo karani wa mji, mtu wa Artemi, mungu wa kike wa Waefeso, kabisa, anasimama na kusema, katika mstari ule wa 37, kwamba watu hawa hawakuiba vitu vya hekalu wala hawakumtukana mungu wetu.

Wekeni maneno ya Demetrio kando ya ya karani. Wote wawili si wenzetu kwa imani. Mmoja anashuhudia kwamba Paulo hakuficha ujumbe wake hata kidogo. Mwingine, kwamba matusi hayakusikika. Zaidi ya miaka miwili ya kuhubiri katika mji ule, na karani hakupata la kuwashitaki. Karani angekuwa kwenye chai yetu siku ile, sijui angesema nini juu yangu.

Jumatano nilikwenda kwa mzee kuomba radhi. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akanisamehe, na akaniambia dunia bado ni tambarare. Nikamwambia mimi naiona mviringo. Mpwa wake ni mvuvi na ana darubini, kwa hiyo Jumamosi tutakwenda pwani kutazama majahazi yakitoka, tuone kama jahazi hutangulia kupotea mwili au tanga. Mzee amesema atatazama mwenyewe. Nitamwachia darubini kwanza.