Siku ya kutumwa mjini, mvua kubwa ikinyesha

Saa 12 asubuhi masika yalikuwa bado yanapiga mabati ya Magomeni, Dar es Salaam, na tangu jioni iliyotangulia Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari ya mvua kubwa, yaani inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Mimi ni mhudumu katika ofisi ndogo ya uhasibu. Napeleka nyaraka, nachukua barua na kununua vifaa. Siku ya jua hutanguliza lililo na haraka, lakini siku ya mvua hutanguliza swali moja: Jangwani panapitika?

Saa 1 na nusu makonda kituoni walikuwa wanatangaza kwamba magari yanageuzia Magomeni. Barabara ya Morogoro hulikata bonde la Mto Msimbazi hapo Jangwani, na kwa kuwa mto huo huanzia vilima vya Kisarawe, maji yanayoifunga barabara ni pamoja na yale yaliyonyesha mbali nasi. Ndiyo maana simsikilizi anayesema kwamba mvua ikikatika tu, njia itafunguka.

Nilizungukia Kinondoni hadi Daraja la Selander, karibu na mahali mto huo huo unapoingia baharini. Bahari ikijaa, maji ya mto hukosa pa kwenda na bonde hubaki limefurika. Kwa hiyo, foleni iliposimama darajani, nilitazama kwanza kama maji yanakupwa.

Saa 4 nilichukua barua Posta Mpya, kisha nikaingia benki, ambako mtandao ulikuwa umekatika na tukasubiri hadi karibu saa 6. Nyaraka zilikuwa kavu. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019, mimi huzikunja ndani ya kipande cha turubai na kukikaza kwa mpira wa tyubu, na sijaona kinga iliyo bora kuliko hiyo.

Kariakoo nilikwenda kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, kununua karatasi na wino. Katika Mtaa wa Msimbazi maji yalifika magotini, na vijana wa mikokoteni walikuwa wanavusha watu kwa malipo. Wapo wanaowalaumu kwamba wananufaika na shida za wenzao. Mimi hulipa bila kunung'unika, kwa sababu wao ndio wanaotangulia kukanyaga mahali ambapo mtaro umekosa mfuniko na hakuna anayeuona, na siku hiyo mmoja wao alisimama muda mrefu juu ya shimo la namna hiyo akiwaelekeza kina mama na watoto wapite pembeni, bila kumdai yeyote.

Saa 9 ilibaki kazi moja: barua ya mteja wetu anayeishi Kigogo, bondeni. Nilimpigia simu.

“Shikamoo, mama. Barua yako ninayo.”

“Marahaba, mwanangu. Usije. Maji yako mlangoni, tunapandisha magodoro.”

Tangu mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, sauti ya namna hiyo siichukulii kirahisi. Nilimsihi atoke mapema na wajukuu, akaniambia kwamba jirani wa juu ameshawafungulia chumba.

Nilirudi ofisini saa 11, tena kwa njia ya Selander. Mkuu wangu aliafiki kwamba kesho yake nianzie Kigogo, iwapo njia itapitika.